Asali Kabla ya Picha

Mke wangu Penina alipigwa picha ya saratani akiwa ametoka kula asali na kujidunga insulini, na kwa sababu hiyo saratani haikuonekana. Asali nilimpa mimi. Sindano nilimwambia mimi ajidunge. Nilifanya hivyo kwa sababu ya Elieza.

Elieza alikuwa tabibu wa zahanati kijijini kwetu Muleba. Mwaka 1979, mimi nikiwa vitani Uganda, yeye alibaki akiwatibu wake zetu. Penina alipojifungua Clotilda, mtoto wetu wa kwanza, Elieza ndiye aliyempokea. Niliporudi nilikuta mke wangu anamsifu: ana mikono laini, hana haraka. Nikahesabu miezi ya mtoto kwa vidole. Ilitimia. Hata hivyo sikuridhika.

Baadaye kanisa lilimpeleka Elieza kusoma Ujerumani, akaishi hukohuko. Nilishukuru. Kisha Penina akashikwa na kisukari, akakonda. Miaka ile Kagera ukikonda majirani walishakuzika. Walisema ni Juliana, jina tulilouita ukimwi. Hakuwa nao. Mwaka 1997 walimtoa uvimbe wa titi Bukoba, na daktari akasema kuna mashine Ulaya ya kuonyesha kama ugonjwa umebaki kifuani. Kama umebaki, angetibiwa hukohuko. Kanisa likatuombea nafasi. Na mwenyeji wetu akawa nani? Elieza.

Jioni ya kuamkia kipimo alisimama jikoni kwake akasema, "Shemeji asile kitu mpaka picha ipigwe. Maji tu. Na sindano ya asubuhi asijidunge mpaka nimwambie."

"Wewe umeoa lini?" nilimwuliza.

"Sijaoa, kaka. Unajua."

"Basi usipange chakula cha wake za watu."

Akacheka. "Rugaibula, bado uko vitani tu?"

Penina naye akacheka. Sikuwa nimesikia kicheko chake tangu wamtoe uvimbe. Kilinichoma.

Kwetu, kumlaza mgeni bila chakula ni kumwambia aondoke. Asubuhi, Elieza alipokuwa anaoga, nilitoa chupa ya asali niliyopewa na wakwe zangu wa Kimwani.

"Waitu, Baba Clotilda," aliniita kwa heshima ya Kihaya, "amesema nisile."

"Mumeo ni nani?"

Akala vijiko vinne. Halafu nikakumbuka kwamba watampima sukari, na Elieza atajua. Nikamwambia ajidunge insulini ya haraka. Akajidunga.

Hospitalini walimtoboa kidole. Sukari ilikuwa sawa, nesi akatabasamu. Elieza akauliza kwa Kiswahili, "Shemeji, umekula? Umejidunga?"

"Maswali hayo muulize mkeo," nilisema. "Hajala, hajajidunga."

Penina alitazama viatu vyake.

Picha ilipotoka, daktari alielekeza kalamu kwenye mapaja na mikono. Misuli iling'aa kama ya mtu aliyetoka kukimbia. Kifuani namba ya kung'aa ilikuwa ndogo. Elieza akatafsiri: saratani haionekani, lakini picha hii si ya kuamini, arudie wiki ijayo.

Wiki nzima tena nyumbani kwa Elieza.

"Kahawa imeiva shambani," nikasema. "Tunarudi."

"Kaka, nakuomba. Kama ni mimi, nitahama, niwaachie nyumba."

"Ungeoa usingehangaika na wangu."

Tulirudi Muleba. Nikatangaza usharikani kwamba mke wangu amepona, watu wakaimba.

Mwezi wa tisa Penina akaanza kukohoa. Ikaja barua kutoka Ujerumani, yenye jina la Penina. Niliifungua mimi. Kumbe alikuwa amemwandikia Elieza kuungama asali na sindano. Elieza alimweleza hivi: dawa waliyomdunga kabla ya picha ni sukari yenye mionzi. Saratani hula sukari kwa pupa, ndiyo maana mashine huiona. Lakini insulini huifungulia misuli mlango, na misuli ikichukua sukari ile, saratani hubaki na kidogo, namba yake inashuka. Asali nayo huleta sukari nyingine ya kugombania nafasi na ile ya dawa. Mwisho aliandika: "Mwambie kaka akulete haraka. Simlaumu."

Nilisoma mara tatu nikitafuta neno la mapenzi. Halikuwemo.

Nikampeleka Bukoba, wakamkuta na maji mapafuni. Daktari akasema safari hataiweza.

Penina alikufa Februari 1998, ana miaka thelathini na tisa. Vilikuwa vijiko vinne vya asali na sindano moja. Ilikuwa wiki moja niliyokataa kusubiri. Matibabu ya miezi sita yaliyokuwa yanamngoja kule, hakupata hata siku moja. Clotilda, miaka kumi na minane, aliacha shule alee wadogo zake wawili.