Kikohozi Nyuma ya Pazia

Fundi cherehani alipomsikia mhudumu wa afya akipiga hodi nyumba ya jirani, alizidi kukanyaga mashine. Sebule yake ndiyo ilikuwa kiwanda: mashine dirishani, mafungu ya sare za shule mpaka mlangoni, na akina mama wawili kwenye benchi wakisubiri nguo za watoto wao. Katika chumba cha ndani, nyuma ya pazia, alikuwamo mama mkwe na kikohozi chake kisichosikia dawa ya duka. Watu wakinusa kwamba ni kifua kikuu, nani ataleta tena kitambaa pale? Methali ya mficha maradhi aliijua vizuri, lakini methali siku zote tunaziona za majirani.

Fundi na mama mkwe walikuwa na mapatano yao. Mashine ikinguruma, bibi anakohoa. Mashine ikinyamaza, bibi ananyamaza. Fundi ndiye aliyeyabuni, na moyoni alijisifu kwa akili hiyo. Wateja nao walimsifu kwa bidii, eti hapumziki.

"Hodi hapa!"

"Karibu, dada. Utusamehe, nyumba imejaa nyuzi."

Mhudumu akaketi, akauliza habari za mgongo, za macho, za vumbi la vitambaa. Kisha akasema, "Na bibi tuliyeambiwa anakaa hapa?"

"Alikwenda kwa binti yake," fundi akajibu kwa macho makavu.

"Basi nikupime presha wewe. Lete mkono. Tulia, na huo mguu uache mashine."

Kifaa kikambana mkono. Nyumba nzima kimya. Fundi akangoja kikohozi kimuumbue, na hakikuja. Kilichokuja ni sauti ndogo ya kukoroma, ya mtu anayekabwa.

Akauchomoa mkono, akakimbilia ndani. Mama mkwe alikuwa sakafuni, kajisokomezea kinywani kipande cha kaptula ya shule, machozi yakimtiririka. Fundi akakivuta. Bibi akahema weee, kisha akanong'ona, "Ameshaondoka? Sijakuaibisha, mwanangu?"

Fundi alitamani ardhi ipasuke immeze. Mama huyu ndiye aliyempokea alipoolewa hajui hata kutunga uzi kwenye sindano, akamfundisha, na wala hakumcheka mbele za watu. Leo amemlipa kwa kumfanya aone aibu kuugua.

Akalifungua pazia lote. "Dada, nimekudanganya," akasema, na benchi nzima ikasikia. "Mama yupo. Anakohoa tangu mvua zilipoanza. Nimemficha mimi."

Mmoja wa wale akina mama akachukua mkoba wake, akatoka bila kuaga. Fundi hakumtazama.

Mhudumu akapiga magoti sakafuni. "Shikamoo, bibi. Hebu kohoa kidogo nikusikie."

Bibi hakukohoa. Alimgeukia kwanza mkwe wake, akamtazama usoni, akingoja ruhusa.