Kiberiti cha Kinyozi

Fundi viatu aliketi ukingoni mwa kiti cha kinyozi kama mtu aliyekalishwa juu ya yai. Tangu moto ulipoteketeza nyumba yake hakuruhusu mkono wa mtu usoni pake, na ndevu zilimwota kama magugu kwenye shamba lisilo na mwenyewe. Jana binti yake, aliyelazwa hospitali na bandeji mikono yote miwili, alimtazama, akajifunika shuka na kulia: "Huyu si baba."

"Saa ya kutazama wagonjwa imekaribia," dada yake fundi alisema. "Fanya upesi, Kasuku."

Kinyozi hakupewa jina hilo bure. "Dada, hofu ya nini? Uso umo humu humu, mimi naufukua tu."

Hakuna aliyecheka. Mkasi ulikula ndevu taratibu, na fundi akavumilia, vidole vimeng'ang'ania mikono ya kiti. Kasuku alianza kujipongeza moyoni. Utani ni dawa, alijiambia, tena haina bei.

Ndipo mazoea yakamponza. Kila siku huuchovya wembe kwenye spiriti na kuupitisha motoni mbele ya mteja, asije akasema amepewa uchafu wa mwenzake. Njiti ya kiberiti ikakwaruza. Ulimi wa buluu ukaruka.

Kiti kililia. Fundi alikuwa ameganda, macho wazi, hapumui.

Kasuku aliuzima moto kwa taulo. Alitafuta mzaha, akakuta ghala tupu. Akauweka wembe mbali, akaketi kwenye benchi la wateja, mikono magotini.

"Nimekosa, kaka," alisema. "Nikae hapa au nitoke nje?"

Dada aliitazama saa ya ukutani, akafumba mdomo. Hatimaye mkono wa fundi ukanyooka, ukakichukua kile kiberiti na kukitia mfuko wa shati. Kisha akaegemea, akainua kidevu.

Kasuku alifungua wembe mpya kutoka kwenye karatasi yake. Akanyoa kimya.

"Leo umemeza ulimi?" fundi aliuliza.

"Sijaumeza. Nimeupa likizo."

Mlangoni fundi alilipapasa shavu lake jeupe kwa povu lililosalia. "Atanijua?"

Jibu tamu lilimjia Kasuku, la kuchekesha hasa. Akaliacha. Akampangusa povu kwa kidole gumba, akamfungulia mlango.

Wakashika njia ya hospitali, dada mbele, fundi nyuma, njiti zikicheza mfukoni mwake kila alipokanyaga.