Salamu Kutoka Idsowe

Mto Tana ulikuwa umefurika na kukimeza kijiji cha Idsowe, na simu zilikuwa hazishiki mtandao. Juu ya paa la madrasa, Mzee Komora, karani wa telegramu wa zamani, alichomeka kigongeo chake cha shaba kwenye redio ya kisasa ya mawasiliano aliyonunuliwa na mwanawe, akagonga kwa Morse, herufi za milio mifupi na mirefu: watu arobaini, tunazama, leteni mashua. Aligonga mpaka mkono ukafa ganzi na betri ikakaribia kukata roho.

"Baba Bilal, wamejibu?" mkewe Bahiya akauliza.

Mmoja alikuwa amejibu. Bwana mmoja wa ng'ambo, aliyekuwa akishindana na wenzake nani atasalimiana na watu wengi zaidi redioni, hata habari yenyewe hakuisubiri. Alisema anamsikia vizuri kabisa, akamshukuru, akahamia kwa mwingine. Betri ikazima.

"Wametusikia," Komora akasema, asimtazame. "Vizuri kabisa."