Rubisi Haikufuta Amri

Projest alisimama mbele ya hakimu. Mahakama ilimwamuru amrudishe binti yao kwa mama yake, Edith. Miezi miwili imepita, hajamrudisha.

“Mheshimiwa, wazee wa ukoo walishalimaliza. Tulikunywa rubisi, naye Edith akanywa. Kwetu Kimuli ukishanywa pombe ya suluhu, umeridhia.”

Hakimu akamgeukia Edith. “Ulikunywa?”

“Nilikunywa. Wanaume kumi na mmoja wamenizunguka, mwanangu namsikia analia chumbani, mlango una kufuli. Ningefanyaje?”

“Projest, unajua kudharau amri ya mahakama ni jela?”

Projest aligeuka kuwatafuta wazee, wale wale waliojipiga vifua kwamba watakuja kumtetea. Benchi lilikuwa tupu. Aliyekuwa anasogea ni askari, pingu mkononi.