Ndoo za Agar kule Beni

Weye unayesoma, jibu kwanza: dirisha gani inakuonyesha mulima, lakini upepo haiingie, na nyuma yake iko ukuta tu? Umeshindwa? Ni tableau, picha ya kuchora ya kutundika kwa ukuta. Mutoto wangu Stanislas iko na madirisha ya vile nyumba nzima, hapa Butembo. Anauzisha mabati na misumari, lakini roho yake yote iko kwa kazi ya basanii.

Jumamosi moja akanikuta naanika maharagi.

"Mama, vaa kikwembe ya misa! Leo maonyesho tatu zinafunguliwa, moja hapa, mbili Beni. Tukichelewa, batu ya Bunia batanunua byote."

"Na miye nitafanya nini kule?"

"Utaangalia tu."

Saa tatu tuko kwa salle ya paroisse, chumba kikubwa ya kanisa. Ndege ya chupa za plastiki ilining'inia juu, inageuka polepole, na jua ikiigusa, ukuta wote unatembea kama mayi ya muto. Nilisahau kufunga kinywa. Mara Stanislas ananivuta: "Twende!" Saa saba tuko Beni, joto, kwa depot ya zamani ya kahawa. Mule balichora sura za batu kwa unga ya kakao. Harufu ile! Nilimwambia Stanislas kama akiniacha peke yangu, nitalamba mutu. Akacheka, akaangalia saa, tukakimbia.

Ya tatu ilikuwa kwa salle ya masomo. Muke kijana mwenye kutoka muji ya Mangina, jina yake Agar, aliomba ndoo za kunawa mikono kwa nyumba makumi ine, zile za wakati wa Ebola. Kila nyumba iliandika jina yake kwa ndoo. Akazipanga juu ya meza na viti, kutoka mulangoni mupaka karibu na paa, kama mulima Ruwenzori. Mipira midogo ya kupitisha mayi iliunga ndoo moja na ingine. Batu balisimama mbali, mikono nyuma, kama kwa kilio.

Stanislas hakuangalia saa tena. Miaka yote ile, sijamuona vile. Kisha akamukaribia Agar.

"Dada, natafuta kitu kama hii tangu nilianza kukusanya. Utaniuzisha?"

Agar alimuangalia kuanzia viatu mupaka kichwa.

Sasa miye. Kwetu, tangu ile ugonjwa, mutu hapana kuingia popote bila kunawa: kanisa, banki, hata kwa kinyozi. Niliona batu bote bameingia mikono mikavu, nikasema moyoni, hii ni batu ya namna gani? Ndoo ya chini ilikuwa pale mulangoni. Nikafungua robine, nikanawa mupaka kwa kiwiko, vile ba infirmier ba hospitali balitufundisha.

"Mama!" Stanislas akashika kichwa. "Ile ni œuvre, kazi ya musanii!"

Ézéchias, mukubwa wa maonyesho, akakuya mbio na kravati yake. "Mukaka, mama, hapana kugusa! Hapana kugusa!"

Haya ilinishika mupaka kwa miguu. Nilijua nimemuharibia mutoto wangu kitu aliyotafuta.

Lakini mayi ilikuwa imeanza kushuka. Kutoka ndoo ya juu kabisa, ikapita kwa ya pili, kwa ya tatu, jina kwa jina, na salle yote ikalia kama mvula kwenye mabati. Mama mumoja akasoma jina ya nyumba yao kwa sauti, akakuya kunawa. Nyuma yake mwingine. Ézéchias akakunja mikono ya shati, naye akaingia mustari.

Stanislas alinawa wa mwisho. Akabakia pale, mayi inamutona kwa vidole, anamuangalia Agar.

"Dada, haujanijibu."

Agar akafunga robine.

"Nitakuuzisha. Lakini hapana ya kufungia kwa salon ya nyumba yako, kaka. Utaisimamisha inje, mulangoni mwa magasin yako ya mabati, na utaijaza mayi weye mwenyewe."