Abiria wa Kioo

Katika nchi ya Ratibani, ambako shughuli zilihesabiwa kuwa heshima na wakati wa bure kuwa aibu, kila mwenye cheo alitundika mlangoni ubao wa kazi zake za siku, na raia waliuheshimu ubao huo kuliko kiapo. Lililoandikwa halikukatizwa, hata nyumba ikiungua. Ubao wa Waziri wa Safari, Bwana Mashughuli, ulisomeka hivi: asubuhi, Ukaguzi wa Njia; baada ya adhuhuri, Ukaguzi wa Njia; alasiri, Mapumziko ya Ukaguzi.

Bi Thabiti, mjane wa kijiji cha Kusahaulika, aliusoma ubao huo miezi mitatu. Basi la kijiji chake lilikuwa limeondolewa, na binti yake Faraja alikuwa mjamzito.

"Mama, rudi kesho," bawabu alimwambia kila alipobisha. "Mheshimiwa anakagua njia."

"Njia gani, mwanangu, na viatu vyake havina vumbi?"

Faraja akajifungua njiani, juu ya kanga, akienda hospitali kwa miguu. Mtoto hakulia. Bi Thabiti alimzika mjukuu wake, akasali, akarudi. Safari hii hakubisha. Alimkuta Waziri ameinamia kioo cha mchezo kwenye simu yake, na ndani yake mji mdogo wenye mabasi na treni alizoziongoza kwa kidole. Kengele ikalia: abiria wa kioo wamengoja dakika mbili. Waziri akawapelekea basi upesi.

Mjane akamshitaki kwa Kadhi Insafu.

"Majukumu yangu ni mazito," Waziri alijitetea, "na mchezo huu nimeupenyeza kwa taabu kati ya kazi na kazi. Nimejenga humo vituo mia, wala hapana abiria anayenung'unika."

"Watanung'unikaje, baba, na hawazai wala hawaziki?" alisema Bi Thabiti. "Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, lakini wewe umewajua wasio na tumbo. Wao dakika mbili, ukawahurumia. Mimi miezi mitatu. Mola wangu anaiona hasira hii, na siiombei radhi."

Papo hapo kengele ikalia mfukoni mwa Waziri, na mkono wake, kwa mazoea, ukaenda kuitikia.

"Ushahidi umetimia," alisema Kadhi. Akamvua cheo, akaamuru ubao ufutwe, na juu yake liandikwe jina moja tu: Kusahaulika.

Basi likarudi kesho yake. Bi Thabiti alipanda wa kwanza, Faraja nyuma yake, wakaketi pamoja. Na ile kanga, imefuliwa na kukunjwa, ilikuwa mapajani mwa binti, haina wa kumfunika.