Matumba Kumi na Moja

"Umeyakata yale matumba?" Shangazi Malai aliuliza kwenye simu, hata salamu hakumaliza.

"Nimeyakata."

Uongo mtupu. Tawi la franjipani, mti wa maua ya harufu nzuri, lilikuwa mbele ya Decha, kwenye chungu cha mchanga na maganda ya mpunga, na kwenye ncha yake matumba kumi na moja ya maua yamesongamana kama njugu.

"Maji je?"

"Hata tone."

"Haya. Jumapili nakuja."

Decha alikata simu. Leo Jumatano.

Shangazi aliulea mti wa tawi hilo kutoka mbegu miaka mitano, nyuma ya nyumba yao Nakhon Pathom. Franjipani ya mbegu haifuati mama yake. Rangi ya ua huijui mpaka ichanue. Mwaka huu ikatoa matumba kwa mara ya kwanza, na wiki hiyohiyo upepo ukaulaza mti chini, shina limeoza ndani. Likapona tawi hili moja. Shangazi, akiondoka kwenda kumuuguza dada yake huko Ratchaburi, aliacha maagizo: kata matumba, tawi lisilo na mizizi likilisha maua linajimaliza. Paka kidonda cha tawi chokaa nyekundu ya kutafunia tambuu. Kidonda kikikauka, panda. Maji usitie.

Decha alifanya yote, akaruka lile la kwanza. Miaka mitano, halafu ukate siku chache kabla ya kujua? Angoje tena miaka miwili? Hakuweza.

Ijumaa mchana ua la kwanza likafunguka. Zambarau nzito, kingo kama sukari iliyoungua, katikati rangi ya chungwa. Decha akapiga kelele mpaka jirani mwenye kitalu cha miche upande wa pili akatoka.

"Mjomba Somkit! Njoo uone kuni! Si ulisema tunalea kuni?"

Somkit alikuja anatafuna, akaliinamia ua. Kisha akaliminya tawi kwa vidole viwili.

"Mbona limesinyaa hivi? Lina ngozi ya bibi yangu."

Akaenda zake. Decha alibaki analishika tawi juu, chini, juu. Kweli lilikuwa na mikunjo. Lina kiu, akajiambia. Akili ilijua jibu, mikono haikusubiri. Akamimina mtungi mzima wa maji.

Jumapili asubuhi sehemu ya chini ilikuwa imelegea kama ndizi iliyoiva mno, na inanuka.

Shangazi alishuka garini na kikapu chake, akaliona ua akiwa bado getini. Akalisogelea, akalinusa, akafumba macho.

"Zuri jamani," alisema. Kisha akalibonyeza tawi. "Na maji ulitia."

"Shangazi, mimi..."

"Nyamaza. Kisu. Na ule mche wa franjipani nyeupe pale kwenye kona, ulete."

Akaling'oa tawi na kuanza kukata vipande kutoka chini, akitazama rangi ya ndani. Kahawia. Akafuta kisu kwa spiriti, asisambaze uozo. Kahawia. Akafuta. Kahawia tena. Decha alikuwa anahesabu kilichobaki: shibiri moja, nusu shibiri. Kipande kilichofuata kilikuwa cheupe, utomvu ukachuruzika.

Likabaki tawi la urefu wa vidole vinne, na ua juu yake.

Shangazi akampa kisu. "Sasa kata ulichoniambia umekata."

"Tungelipiga picha kwanza..."

"Kata, wewe!"

Akakata. Ua na matumba yote yakaanguka mchangani. Shangazi alichonga kile kipande kama kabari, akapasua kichwa cha ule mche wa nyeupe, akakipandikiza, akakaza kwa utepe wa plastiki na kukivisha mfuko.

"Itashika?"

"Hatutajua mpaka mwezi upite."

"Lakini unaonaje, shangazi?"

"Naona ukigusa huo mfuko nitakukata vidole."

Aliingia ndani kuchemsha wali. Decha akachuchumaa mbele ya mche, mikono kaifungia kwapani, anautazama mfuko unavyoanza kufanya ukungu wa mvuke kwa ndani.